Namba Moja, Madaftari Matatu: Kisa cha Mradi wa Uzamili katika Utengenezaji wa Dawa za Kibiolojia

Kisa hiki kinahusu wanafunzi wanne wa shahada ya uzamili inayofundisha utengenezaji wa dawa kwa kutumia seli hai, pamoja na masomo ya biashara. Nilikuwa mmoja wa wasimamizi wawili wa mradi wao, upande wa sayansi. Chuo, kampuni na watu sitawataja. Namba za kampuni nimezigeuza, ila nimelinda uwiano wake ili hesabu zibaki na maana ileile. Wanafunzi nawaita kwa fani walizokuja nazo: Mwanabiolojia, Mhasibu, Mhandisi na Mfamasia.

Nimeamua kukiandika kwa sababu ripoti mbili tulizozipitisha zilikuwa nzuri kila moja kivyake, lakini zilipokutanishwa ilionekana zingeiingiza kampuni kwenye hasara. Nilizisoma zote mbili na sikuona kitu.

Usuli

Dawa ya kibiolojia hutengenezwa na seli hai. Insulini ya binadamu inayozalishwa na bakteria aina ya E. coli iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Mwaka 1987 ikafuata alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayotengenezwa na seli za CHO, ambazo asili yake ni ovari ya mnyama mdogo aitwaye hamsta. Leo seli hizo ndizo zinazozalisha sehemu kubwa ya kingamwili zinazotumika kama dawa.

Seli haifuati bajeti. Hewa ikipungua, chumvi ikizidi, au pH (kipimo cha uasidi) ikiyumba kidogo tu, inapunguza kazi au inakufa. Kwa hiyo gharama ya gramu moja ya dawa huamuliwa ndani ya bioriakta, yaani chombo cha kukuzia seli, lakini fedha za kununulia bioriakta huidhinishwa na watu ambao pengine hawajawahi kuiona ikifanya kazi. Shahada za aina hii zilianzishwa ili kuwakutanisha watu wa pande hizo mbili. Nchini Marekani, mfuko wa Alfred P. Sloan ulianza kuzifadhili mwaka 1997: uzamili wa sayansi wenye masomo ya fedha, usimamizi na sheria, na mara nyingi mradi wa kampuni halisi badala ya tasnifu.

Programu yetu ilifuata mfano huo. Mwaka wa kwanza wanafunzi walisoma ukuzaji wa seli, usafishaji wa protini, kanuni za utengenezaji bora, uhasibu wa gharama na usimamizi wa miradi. Mwaka wa pili ulikuwa wa mradi. Masomo ya sayansi yalifundishwa na idara moja, ya biashara na nyingine, na kila idara ilisahihisha sehemu yake ya mradi. Utaratibu huo ulionekana wa haki. Kila mtu anapimwa na anayeijua fani yake.

Kazi waliyopewa

Kampuni ndogo ilikuwa na kingamwili iliyofanya vizuri kwenye majaribio ya maabara, nayo ilihitaji kilo 4 za protini safi ndani ya mwaka mmoja kwa ajili ya majaribio kwa binadamu. Ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ijenge vyumba safi vyake na kununua bioriakta ya lita 200, ile yenye mfuko wa plastiki unaotupwa baada ya bechi moja, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji. Ya pili, ilipe kiwanda cha mkataba kiifanyie kazi hiyo. Wanafunzi walipewa miezi saba waseme njia ipi ifuatwe, na kwa nini.

Data walizoanza nazo zilitoka kwenye bioriakta ya kioo ya lita 5. Baada ya siku 14, kila lita ilitoa gramu 4 za kingamwili. Ni matokeo mazuri.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya kwanza tu waligawana kazi. Mwanabiolojia na Mfamasia walichukua mchakato na kanuni. Mhasibu na Mhandisi walichukua gharama. Niliukubali mgawanyo huo bila kusita, na mwenzangu wa biashara vilevile.

Mwezi wa nne jedwali la gharama lilikuwa tayari, na lilipendeza. Lita 200 mara gramu 4 ni gramu 800 kwa bechi. Kampuni ilikuwa imewaambia kwamba usafishaji hubakiza asilimia 70, hivyo zinabaki gramu 560. Wafanyakazi waliokuwepo wangeweza kuendesha bechi 8 kwa mwaka. Jumla ni gramu 4,480, na mahitaji ni gramu 4,000. Akiba ya asilimia 12 ikabaki. Tukiipa gharama ya gramu moja kwa njia ya kujenga thamani ya 100, bei ya kiwanda cha mkataba ilikuwa 130. Wakaandika pendekezo: jengeni.

Mwezi wa tano kampuni iliendesha bechi ya majaribio ya lita 50, na Mwanabiolojia alikuwepo. Bechi hiyo ilitoa gramu 3.2 kwa lita. Sababu aliiona yeye mwenyewe kwenye grafu ya pampu ya alkali. Chombo kikikua, uso wa kimiminiko unakuwa mdogo ukilinganisha na ujazo wake, na kiputo cha hewa kinasafiri njia ndefu zaidi kabla ya kufika juu. Viputo vidogo vinajaa kaboni dayoksidi mapema, vikishajaa haviwezi kuchukua nyingine, na gesi inabaki ndani. Gesi hiyo inashusha pH. Mtambo unaona pH imeshuka, unaamuru pampu iongeze alkali. Alkali inazidisha chumvi, na seli zinapoteza nguvu. Kila kifaa kilikuwa kinatekeleza kazi yake kama kilivyoagizwa, huku zao likipungua.

Aliyaandika hayo vizuri sana kwenye ripoti ya sayansi, akamalizia kwa maneno haya: suala la uondoaji wa gesi linahitaji uchunguzi zaidi katika ukubwa unaofuata. Pembeni ya aya hiyo nilimwandikia pongezi. Ripoti ikawekwa kwenye folda ya pamoja. Upande wa gharama hakuna aliyeifungua, kwa kuwa jedwali lao lilikuwa limekamilika mwezi mmoja nyuma na limekwisha kusahihishwa.

Katika ripoti hiyohiyo Mfamasia alikuwa ameorodhesha hatua za usafishaji na kiasi cha protini kinachobaki kila hatua. Kuondoa seli, asilimia 95. Safu ya Protini A, inayonasa kingamwili, 92. Kuua virusi kwa asidi na kuchuja, 97. Safu mbili za kung'arisha, yaani kuondoa uchafu uliobaki, 90 kila moja. Kichujio cha virusi, 97. Kukoleza na kubadilisha bafa (kimiminiko kinachotuliza pH), 95. Hatua zote zimefikia asilimia 90 au zaidi. Ukizizidisha moja kwa nyingine, mwishoni inabaki asilimia 63. Zaidi ya theluthi ya dawa inapotea bila hatua yoyote kuharibika. Namba hizo saba zilikaa kwenye jedwali lake zikiwa zimepangwa safi, na hakuna aliyezizidisha.

Mwezi wa sita waliwasilisha mbele ya kampuni. Mkuu wa uzalishaji alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Katika hizo bechi nane, ngapi zitamwagwa?"

Mhasibu alirudi kwenye jedwali lake akatafuta. Hapakuwa na mstari wa bechi zilizopotea.

Swali la pili lilihusu gramu 4. Zimetoka kwenye chombo cha ukubwa gani? Mwanabiolojia alijibu kwamba ni lita 5. Angeweza kuishia hapo. Badala yake aliendelea, mbele ya wenzake na mbele yetu, kwamba bechi ya lita 50 ilitoa 3.2, na kwamba namba hiyo haikuingia kwenye gharama. Nimesimamia miradi mingi, na sikumbuki dakika nyingine iliyomgharimu mwanafunzi kiasi kile na kuifaa kampuni kiasi kile.

Tuliomba wiki tatu. Kampuni ikakubali.

Maamuzi na sababu zake

Hesabu mpya iliwashtua. Lita 200 mara 3.2 ni gramu 640. Asilimia 63 yake ni gramu 403. Bechi moja kati ya nane ikipotea, zinabaki saba, na jumla inakuwa kama gramu 2,820. Mahitaji ni 4,000. Akiba ya asilimia 12 iligeuka upungufu wa karibu asilimia 30. Gharama ya mwaka, yaani mishahara, vyumba safi na vifaa, haipungui kwa sababu seli zimetoa kidogo. Kwa hiyo gharama ya gramu moja ilipanda kutoka 100 hadi karibu 159.

Siku hiyohiyo wakageuza pendekezo: nendeni kiwanda cha mkataba, 130 ni ndogo kuliko 159. Mhasibu alikuwa na haraka ya kusahihisha kosa, na ninamwelewa. Lakini hilo nalo lilikuwa kosa, na aliyeligundua ni Mhandisi, ambaye kwa miezi sita alikuwa akisema machache. Aliuliza kiwanda cha mkataba kinatoza kwa gramu au kwa bechi. Walifungua rasimu ya mkataba. Kinatoza kwa bechi. Seli zitakuwa zilezile na mchakato uleule. Gramu 560 zilizozaa bei ya 130 hazitapatikana huko pia. Kwa gramu 403 kwa bechi, bei ya mkataba inapanda hadi kama 181.

Nilipenda sana alichofanya Mfamasia baada ya hapo. Alisoma vifungu vya mkataba kwa jicho la mtu wa ubora, akakuta kwamba bechi ikiharibika kwa uzembe wa kiwanda, kiwanda kinarudia kwa gharama yake. Ikiharibika kwa sababu ya mchakato wa mteja, mteja analipa. Kwa hiyo walipaswa kujua kwanza kama upungufu wa lita 50 ni hali ya mchakato wenyewe au ni bahati mbaya ya siku moja. Asiyejua hilo hawezi kusaini mkataba kwa usalama, na pia hawezi kununua bioriakta kwa usalama.

Pendekezo la tatu likawa hili: msijenge na msisaini. Rudieni lita 50 mara tatu, mkibadilisha kitoa viputo ili kitoe viputo vikubwa zaidi vinavyobeba kaboni dayoksidi vizuri, na mkirekebisha ulishaji wa sukari. Halafu ndipo mwamue. Kusubiri kulikuwa na gharama yake, kwa kuwa kila mwezi unaopita unasogeza mbele majaribio kwa wagonjwa, na wanafunzi waliiandika gharama hiyo waziwazi kwenye ukurasa wa kwanza. Hawakuificha ili pendekezo lipendeze.

Matokeo

Kampuni ililifuata. Bechi ya kwanza ilitoa gramu 3.7 kwa lita, ya pili 3.6. Ya tatu iliingiwa na bakteria siku ya tisa, kutokana na kiungo cha bomba ambacho hakikufungwa sawasawa. Ikauliwa kwa dawa ikamwagwa. Mhasibu alikuwepo, kwa sababu safari hii nilisisitiza awepo. Aliniuliza, "Mwalimu, zote lita 50? Hakuna kinachookolewa?" Hakuna.

Kwa gramu 3.6, bechi ya lita 200 inatoa karibu gramu 454 za dawa safi. Gharama ya kujenga ikashuka hadi 141 kwa gramu, na ya mkataba 160. Kujenga kulikuwa nafuu. Hata hivyo kampuni ilichagua mkataba, bechi 9, nami naona ilifanya sawa. Dawa nyingi zinazoingia kwenye majaribio kwa binadamu hazifiki sokoni. Dawa ikishindwa, mkataba unakwisha. Kiwanda kilichojengwa kinabaki pamoja na deni lake. Kampuni pia haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuachilia bechi, yaani kuidhinisha itumike, chini ya kanuni za utengenezaji bora, na mtu wa namna hiyo hapatikani kwa wiki mbili. Tofauti kati ya 141 na 160 ndiyo bei waliyolipa kukwepa hatari hizo. Maelezo hayo waliyaandika wanafunzi wenyewe, kwa maneno ambayo bodi ya kampuni iliyaelewa bila mkalimani.

Uwasilishaji wa kwanza uliwashushia alama wote wanne. Tulijadili kama ni haki kuwaadhibu kwa kosa ambalo mfumo wetu ulilipanda, na hatukukubaliana. Mwanabiolojia sasa anafanya kazi ya kuhamisha michakato kutoka maabara kwenda kiwandani, mahali ambapo hasa namba hizi hupotea.

Uchambuzi

Mtu angeweza kusema tatizo lilikuwa mawasiliano. Sikubali, au sikubali kwamba hilo linatosha. Wanafunzi hawa walikuwa wakikutana kila wiki, walikuwa marafiki, walikula pamoja. Walizungumza sana. Nilipozipitia upya kumbukumbu za vikao vyao nilikuta neno "mavuno" limetajwa katika karibu kila kikao, na ndipo nilipoelewa. Kwa Mwanabiolojia, mavuno yalikuwa gramu kwa lita ndani ya bioriakta. Kwa Mfamasia, ni asilimia inayobaki baada ya usafishaji. Kwa Mhasibu, ni gramu zilizoachiliwa na tayari kutumika, zile zinazogawanya gharama. Kikao kimoja kiliandika "mavuno ni mazuri, tuendelee", na kila mmoja akaondoka akiwa na namba yake kichwani. Namba moja ilikuwa ikiishi kwenye madaftari matatu kwa maana tatu, na neno moja zuri la Kiswahili likaifunika.

Hapo ndipo naona shahada za aina hii zinapojidanganya. Tunadhani kwamba mwanafunzi akisoma ukuzaji wa seli asubuhi na uhasibu mchana, jioni vitakutana vyenyewe kichwani mwake. Havikutani. Hukutana pale tu anapolazimika kuifuata namba moja tangu kwenye kiputo cha hewa hadi kwenye gharama ya gramu, akieleza katika kila kituo imebadilika kwa sababu gani. Kozi zetu hazikuwahi kumlazimisha kufanya hivyo hata mara moja kabla ya mradi.

Usahihishaji wetu uliongeza tatizo. Niliipa alama za juu ripoti ya sayansi, nayo ilistahili. Mwenzangu alilipa alama za juu jedwali la gharama, na kwa kanuni za uhasibu nalo lilistahili. Hapakuwa na mtu aliyeulizwa kama gramu 4 za huku ndizo gramu 4 za kule. Wanafunzi wanajifunza haraka kinachopimwa. Walijenga vitu viwili vizuri kwa sababu tuliwaomba vitu viwili.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Wote wanne walikuwa wamefaulu mtihani wa usimamizi wa hatari, unaofundishwa kwa mwongozo wa Q9 wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa, uliotolewa mwaka 2005. Waliweza kuorodhesha jinsi bechi inavyoweza kuharibika, uwezekano wake na ukali wake. Tuliwafundisha hayo kama somo la ubora, kwa ajili ya wakaguzi. Hatukuwaonyesha kwamba orodha ileile ndiyo inayozaa mstari wa bechi zilizopotea kwenye jedwali la fedha. Swali la mkuu wa uzalishaji halikuwa geni kwao. Walikuwa na jibu lake kwenye daftari la somo jingine.

Maneno "uchunguzi zaidi" nayo yana lawama. Katika uandishi wa kisayansi ni adabu. Yanaonyesha mtu hajadai kupita ushahidi wake. Msomaji wa fedha akiyasoma anaelewa kwamba jambo hili halihitaji kitu kwangu leo. Mwanabiolojia angeandika "tumieni 3.2 hadi tutakapothibitisha vinginevyo", angekuwa mwaminifu vilevile, na jedwali lingebadilika siku ileile. Siku hizi ninawarudishia wanafunzi kila sentensi ya uchunguzi zaidi isiyosema ni namba gani itumike kwa sasa.

Kilichofanya kazi ni mchanganyiko wa watu wenyewe, mara tu walipolazimika kukaa kwenye karatasi moja. Katika zile wiki tatu, Mhandisi aliuliza swali la biashara, Mfamasia akasoma mkataba, na baadaye Mhasibu akakesha kwenye maabara. Hakuna hata mmoja aliyebaki kwenye fani yake. Kampuni nayo inastahili sifa, kwa kuwa ingeweza kuwafukuza, na ikaamua kuwauliza.

Tumebadilisha mambo mawili. Kila kikundi sasa kina daftari moja la makadirio: kila namba ina mstari wake, ikisema thamani yake, imetoka kwenye chombo cha ukubwa gani, tarehe, nani anaishikilia, na ni jedwali lipi linaitumia. Namba ikibadilika, mwenye nayo haruhusiwi kufunga siku kabla ya kumwambia anayeitumia. Na alama ya mradi ni moja, inayotolewa na wasimamizi wawili wakiwa wamekaa pamoja, hata kama inatuchukua mchana mzima kukubaliana.

Jambo la tatu bado. Wanafunzi wanaotoka kwenye uhasibu wanapata wiki mbili tu za maabara katika miaka miwili, muda usiotosha hata kuona bechi moja ya siku 14 ikianza, ikikua na kuvunwa, ukizingatia maandalizi ya seli yanayotangulia. Bechi moja kati ya nane ilikuwa imekwisha kukadiriwa kwenye hesabu mpya, lakini Mhasibu wetu aliuongeza ule mstari wa bechi zilizopotea kwenye jedwali lake usiku uleule alioiona bechi ikimwagwa, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Nimeomba wiki hizo ziwe sita. Ombi liko mbele ya idara zote mbili, na ninachotafuta sasa ni saa hizo zitolewe kwenye somo lipi.